Bei ya Nyonga ya Mdogo Wangu

Watu wanamwita mdogo wangu Meneja mpaka leo, ingawa kiwanda alichokuwa meneja kilifungwa miaka kumi na mmoja iliyopita na mashine zake zikauzwa kwa kilo. Mimi wananiita Prufu. Katika kiwanda hicho hicho cha uchapaji nilikuwa msahihishaji: kila prufu, yaani ukurasa wa majaribio, ilipita mikononi mwangu kabla ya kwenda mashineni, nikaitoa makosa kwa kalamu nyekundu. Kazi hiyo niliipata kwa miaka sita ya shule ya usiku. Yeye alisoma mchana. Baba alikuwa na karo ya mtoto mmoja tu. Akatutazama, mimi wa miaka kumi na minne na yeye wa kumi na mbili, akasema, "Kwa huyu mdogo ndiko pesa itakakozaa." Mimi nikaenda kufagia vipande vya karatasi kiwandani. Miaka kumi na mitatu baadaye mdogo wangu akaingia kiwandani humo kwa mlango wa mbele, tai shingoni, na sisi wa ukumbi wa mashine tukapangwa mstari kumpigia makofi.

Nilipiga. Mikono ya mtu inaweza kupiga makofi yenyewe, huku moyo umekaa pembeni umekunja uso.

Basi ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani Jumatatu ile asubuhi nilipoishika fomu yake.

Sisi wastaafu wa kiwanda tuna mfuko wetu wa afya. Kila mwezi tunakatwa kidogo kwenye pensheni. Dawa za kikohozi na za presha zinalipwa bila maneno, lakini matibabu makubwa hugombaniwa mara moja kwa mwaka, maana fedha haijawahi kutosha. Zamani alipewa aliyelia zaidi, au aliyeoa kwao mwenyekiti. Tuligombana hadi wazee wawili wakarushiana viti. Ndipo tukaletewa mtaalamu, binti mmoja mwenye sauti ndogo na subira kubwa, akatufundisha kwa siku mbili namna ya kuithamini afya kwa fedha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanachama anaonyeshwa rula iliyochorwa wima kwenye karatasi. Juu kabisa ni mia, afya kamili. Chini kabisa ni sifuri, mauti. Anaweka kidole mahali anapojiona leo. Daktari naye anaandika mgonjwa wa aina hiyo akitibiwa atafika alama ngapi, na nafuu hiyo itadumu miaka mingapi. Unatoa alama za leo katika zile za baadaye, unazidisha kwa miaka, na kila alama mia moja unazopata ni mwaka mmoja mzima wa afya. Kisha unagawa gharama kwa miaka hiyo. Tulipiga kura kwamba kwa mwaka mmoja mzima wa afya mfuko hautatoa zaidi ya laki tatu.

"Laki tatu?" alisema fundi mmoja wa mashine za kukunja karatasi. "Mwaka wangu mimi? Pikipiki kuukuu ni ghali kuliko hapo."

"Basi ukiugua panda pikipiki," mwenyekiti akamjibu. Mwenyekiti wetu alikuwa nyapara wa ukumbi wa mashine, na sauti yake haijapata habari kwamba mashine zimezimwa.

Wengi waliiona hesabu hiyo kuwa ya kikatili. Mimi niliipenda. Niliona kwamba hatimaye kimekuja kipimo kisichouliza nani alivaa tai. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili nikafanya mazoezi mpaka nikaweza kuipiga kichwani, na kwa sababu hiyo wakanichagua katibu wa kamati.

Fomu hazina majina, zina namba za uanachama, ili tusipendeleane. Lakini namba 112 naijua kuliko namba ya nyumba yangu. Mimi ni 113. Siku ya kujiandikisha nilikuwa mbele yake kwenye foleni. Karani akamwona kwa nyuma, akasema, "Meneja, karibu huku."

Fomu namba 112 ilisema hivi. Ugonjwa: nyonga ya kulia imelika, inahitaji kubadilishwa. Gharama: milioni moja na laki nane. Akitibiwa atafika: themanini na tano, kwa miaka kumi. Chini daktari alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba mfupa unaendelea kuliwa, na mgonjwa akikaa mwaka mwingine bila upasuaji huenda asitembee tena. Kisha pale pa kidole cha mwanachama, pa kusema anajionaje leo, paliandikwa tisini na mbili.

Nikasoma mara ya pili. Tisini na mbili. Kwa hesabu yetu, upasuaji ungempunguzia mdogo wangu alama saba. Mfuko ungetoa karibu milioni mbili ili kumharibu. Nilicheka peke yangu katika ofisi ya mfuko mpaka nikavua miwani. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye safu ya mwisho: *Hakuna faida. Aondolewe.* Mkono ulikuwa mwepesi sana.

Sikuhitaji kuambiwa ile namba imetoka wapi. Wiki mbili kabla tulikaa pamoja kwenye benchi nje ya chumba cha Sista, muuguzi aliyeendesha zahanati ya kiwanda enzi zile na sasa ndiye anayejaza fomu za wanachama wote, wazima kwa wagonjwa. Niliingia mimi kwanza. Nilipotoka nikasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Tisini!"

"Tisini?" Meneja akanitazama. "Pamoja na hilo jicho?"

"Jicho gani?"

"Aa, nimeuliza tu, kaka."

Akainuka, akapita ameshika ukuta kama mtu anayekagua rangi yake, akaingia. Sasa nilijua alikwenda kufanya nini mle ndani. Hakupima nyonga yake. Alinipima mimi, akaongeza mbili.

Na jicho lipo, sitaficha. La kushoto lina mtoto wa jicho. Mwaka na nusu sasa naona kwa jicho moja na kwa hila. Mke wangu akinisomea maandishi madogo ya dawa nasema miwani ina vumbi.

Jioni ile mke wangu alikuwa akifunga chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Nikachungulia. Kipande kikubwa cha kuku kilikuwa kimelala humo.

"Hicho kinakwenda wapi?"

"Kwa shemeji. Kesho utampelekea."

"Mbona kipande kikubwa kinakwenda kule na mimi nabaki na shingo?"

"Wewe una mimi. Yeye ana nini?" Mke wa mdogo wangu alifariki mwaka jana, na wanawe wako mbali. "Hivi, ile operesheni yake mmempitishia?"

"Hizo ni siri za kamati."

"Siri gani, mtu anatembea kama meza ya miguu mitatu? Mtaa mzima unajua." Akanikazia macho. "Una mdomo wa mtu aliyemeza kitu, mzee."

"Nimemeza shingo ya kuku."

Sikulala vibaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia mambo kama haya husema hawakupata usingizi. Mimi nilipata, na mzuri. Nililala nikimwona mdogo wangu kwenye daftari langu, amekatwa kwa mstari mwekundu ulionyooka.

Jumanne saa nne asubuhi nilibeba bakuli kwenda kwake. Anakaa ghorofa ya pili katika jengo la zamani la wafanyakazi wa ofisini, lenye ngazi za saruji upande wa nje. Mimi nyumba za ofisini sikupewa. Nilisimama chini, kwenye kivuli cha tangi la maji, nikijiandalia uso wa huruma, ndipo nikamwona anashuka.

Alikuwa anashuka kwa makalio. Mtu wa miaka sitini na tisa, shati jeupe limepigwa pasi, kikapu cha sokoni kifuani, anakaa kwenye kidato, anautanguliza mguu mzima, anajivuta, anakaa kwenye kidato kinachofuata. Mguu mbovu aliubeba kwa mikono yote miwili kama mzigo wa mtu mwingine. Kila baada ya vidato vitatu alisimama kusikiliza kama kuna mtu anakuja. Mlango mmoja ukafunguka ghorofa ya kwanza. Papo hapo akajifanya anafunga kamba za kiatu. "Habari za asubuhi, mama!" aliita kwa sauti nene ya umeneja. Mama akapita. Yeye akaendelea kujivuta.

Alipofika chini alijishika kwenye nguzo, akainuka, akapangusa suruali nyuma kwa kitambaa, akakikunja kitambaa vizuri na kukirudisha mfukoni. Kisha akatembea kwenda dukani akisalimia watu kulia na kushoto. Na hata hapo, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni kijicho. Nilisema moyoni: hata akitambaa, watu wanamwamkia kuliko mimi niliyesimama.

Cha pili kilichelewa kidogo, lakini kilikuja. Ile tisini na mbili nilimpa mimi.

"Kaka!" Alikuwa ameniona. "Umesimama hapo kama askari wa benki. Njoo tukae."

Tukakaa kwenye kreti za soda mbele ya duka. Yeye alikaa nusu, upande mmoja tu. Nikampa bakuli. Akafunua, akaona kipande, akatabasamu.

"Shemeji ananijali."

"Umekatwa," nikasema. Katibu haruhusiwi kutoa siri ya kamati kabla ya mkutano, na katika miaka minne sikuwahi kuitoa.

"Nani kanikata?"

"Umejikata mwenyewe. Tisini na mbili, mtu anayetaka nyonga mpya! Daktari kasema ukipasuliwa utafika themanini na tano. Wewe tayari uko juu ya daktari. Tukupasue ili ushuke?"

Alifunika bakuli taratibu. Hesabu anaijua, karo ya baba haikupotea. Niliona inavyoingia kichwani mwake, namba kwa namba.

"Mkutano lini?"

"Keshokutwa. Mwanachama akiomba mwenyewe anaweza kupimwa upya kabla ya hapo. Nenda kwa Sista kesho, useme kweli."

"Kweli ni ngapi?"

"Siruhusiwi kukuambia namba. Mtu akielekezwa namba, fomu inafutwa."

Akaligeuza bakuli magotini. Kisha akasema, "Wewe ulisema tisini."

"Mimi mzima."

"Basi na mimi mzima."

"Bwana mdogo, mfupa wako unaliwa!"

"Na wewe jicho lako linaliwa. Nitashuka ukishuka wewe." Akachomoa kwenye kikapu karatasi iliyofungia sabuni, akaninyooshea. "Soma hapo. Funika la kulia."

Nilifunika la kulia. Mbele yangu palikuwa na maziwa, na ndani ya maziwa kitu cheusi kilichoweza kuwa maandishi au inzi.

"Umesoma?"

Watu wawili walikuwa wanapita. Nilingoja wapite.

"Sioni kitu," nikasema. Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti, hata bafuni.

Kicheko kikamshinda. "Prufu asiyeona prufu! Na ulivyotutesa na ile kalamu! Barua yangu mwenyewe uliirudisha mara tatu kwa sababu ya koma!"

"Na wewe Meneja unayeshuka ghorofa kwa makalio."

Kicheko kikakatika. Akatazama ngazi, akanitazama mimi.

"Umeniona?"

"Kwa jicho moja. Lilitosha."

Kesho yake tulikwenda kwa Sista pamoja. Chumba chake kina meza, mizani, pazia la kijani na kalenda ya mwaka juzi ambayo haiondoi kwa sababu inaficha ufa. Sista amenyooka kama sindano, na hajawahi kumwogopa meneja wala nyapara.

"Mmoja mmoja," alisema.

"Hapana, Sista," akasema Meneja. "Aanze yeye, mbele yangu. Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Sista akaweka rula mezani. Nikaweka kidole kwenye tisini, mahali nilipopazoea. Nikakishusha. Kila alama ilikuwa kama kuteremka mbele ya watu kutoka jukwaani. Sabini. Nikakumbuka nilivyomwaga chai juma lililopita nikidhani kikombe kiko hapa kumbe kiko kule. Sitini. Magazeti yanayorundikana chini ya kitanda ambayo nasema nitayasoma. Nikasimama kwenye hamsini na tano.

"Aha," akasema Sista, bila kushangaa hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. "Wa pili."

Meneja alikitazama kidole changu mpaka nilipokiondoa. Kisha akaweka chake. "Hamsini."

Nilipiga hesabu kichwani kabla Sista hajashika kalamu. Themanini na tano toa hamsini, mara miaka kumi: miaka mitatu na nusu. Gharama ukiigawa, kila mwaka unazidi laki tano. Haipiti. Ili asivuke laki tatu alipaswa asizidi ishirini na tano. Nami nilikuwa nayo hiyo namba mdomoni, ya moto kama kiazi, na nisingeweza kuitema. Mdogo wangu alikuwa amerudia kosa lile lile. Safari hii alinipima tena mimi, akatoa tano.

Silaha niliyobaki nayo ilikuwa ile ya nyumbani: kumchokoza.

"Hamsini! Hongera," nikasema. "Basi kesho tushindane mbio mpaka kituo cha basi."

"Prufu, nyamaza," akasema Sista.

"Nanyamaza. Hamsini ni mtu anayevaa soksi mwenyewe, ninavyojua mimi. Sijui wenzangu wa shule za mchana walifundishwaje."

"Unaanza, kaka."

"Sianzi. Onyesha soksi."

Sista akainama kutazama chini ya meza. Viatu vya Meneja vilikuwa vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Juu ya viatu palikuwa na miguu mitupu.

"Joto," akasema Meneja.

"Mara ya mwisho kuvaa soksi ilikuwa lini?" Sista alimuuliza kwa sauti niliyoikumbuka kutoka zahanati, sauti aliyokuwa akiwaulizia waliokatwa vidole na mashine.

Akairudisha miguu chini ya kiti. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Tangu marehemu afariki," akasema. "Alikuwa ananivalisha yeye."

Miezi kumi na minne. Na kabla ya hapo alikuwa anavalishwa. Ina maana zile sherehe zote alizokuja amenyooka, ile harusi ya binti yangu aliyocheza mpaka watu wakasema Meneja hazeeki, kuna mtu alipiga magoti asubuhi akamvalisha soksi. Na mimi siku ile ya harusi nilikasirika kutwa kwa sababu ya kucheza kwake.

"Unalala wapi?" Sista akauliza.

"Kitini."

"Kitanda?"

"Nikilala kitandani siwezi kuinuka."

"Na msalani?"

Meneja akanyanyua uso. "Huyu atoke kwanza."

Nikatoka. Nilikaa kwenye benchi nikisikia sauti ya Sista kupitia mlangoni, laini, ikiuliza na kungoja. Kwangu hakuuliza hivyo. Kwangu alisema "aha". Hata maumivu yake, nikawaza, yanasikilizwa kuliko yangu. Wivu ni kama mbwa wa jirani: hata ukipita na msiba atabweka.

Alipotoka hakuniambia namba, nami sikumuuliza. Macho yalikuwa mekundu. 

Alhamisi kamati ilikaa, watu saba, mezani pa chai. Fomu yangu waliichukua kwangu, Sista akaipiga hesabu yeye, maana katibu hajihesabii. Upasuaji wa jicho gharama yake laki moja na nusu. Ningefika themanini, kwa miaka kumi, kama daktari alivyokwisha kuwaandikia wagonjwa wa mtoto wa jicho. Miaka miwili na nusu ya afya, kila mwaka kwa elfu sitini.

"Wa kwanza kwenye orodha!" mwenyekiti akanguruma. "Prufu, wewe ndiye bei poa ya mwaka huu!"

Walicheka. Nami nilicheka.

Kisha nikafungua 112. Kidole kilikuwa kwenye ishirini.

Ishirini. Themanini na tano toa ishirini, sitini na tano, mara miaka kumi: miaka sita na nusu ya afya. Milioni moja na laki nane ukigawa, kila mwaka ni chini kidogo ya laki mbili na elfu sabini na saba. Inapita. Ya mwisho kwenye orodha, lakini inapita.

"Ngoja ngoja," akasema yule fundi wa mashine za kukunja, ambaye naye ni mjumbe. Alikuwa na fomu ya zamani mkononi, yenye wino wangu mwekundu. "Hii 112 wiki mbili zilizopita ilikuwa tisini na mbili. Leo ishirini. Huyu kaanguka kutoka angani? Mimi naona kafundishwa. Na sote tunajua 112 ni nani, na ndugu yake ni nani." Akanitazama. "Tuifute."

"Kanuni inasemaje, katibu?" mwenyekiti akauliza.

"Kanuni inasema namba mbili zikipishana sana bila maelezo, fomu isubiri mwaka kesho."

"Kuna maelezo?"

Sista akafungua mdomo, kisha akaufunga. Angeweza kusema alichosikia, lakini kwa nini ile ya kwanza ilikuwa tisini na mbili, hilo hakulijua. Nililijua mimi peke yangu. Ningenyamaza tu, bila kusema uongo hata mmoja, kanuni ingemaliza kazi. Milioni moja na laki nane zingebaki mfukoni. Nilizitazama hizo sufuri zote kwenye karatasi. Hakuna mtu aliyewahi kuziandika upande wa jina langu, si baba, si kiwanda, na sasa hata mfuko niliouandikia daftari.

Nikasimama. Katibu anaweza kusema akiwa amekaa, lakini nilisimama.

"Maelezo yapo. Siku ile ya kwanza mimi nilidanganya. Nilisema tisini, na jicho hili halioni. Kisha nikatoka nikamtangazia. Alikwenda akasema tisini na mbili ili asishindwe na mimi. Hakufundishwa ile ishirini. Alichofundishwa ni ile tisini na mbili, na mwalimu ni mimi."

"Kwa hiyo," mwenyekiti akasema polepole, "wazee wawili wazima na akili zao mlikuwa mnashindana uzima?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Namwonea wivu."

"Tangu lini?"

Nikafikiri. "Tangu nikiwa na miaka kumi na minne."

 Kisha fundi akacheka, halafu wote, na Sista akajifuta macho kwa kona ya kilemba. Fundi akaiweka ile fomu ya zamani chini. "Mimi nina dada yangu," akasema, "hapo siendelei." Wakapiga kura. Mikono saba, wangu ukiwa wa mwisho kwa sababu nilikuwa bado nimesimama.

Meneja alikuwa kwenye benchi la nje, mikono juu ya magoti.

"Vipi?"

"Umepita. Wa mwisho."

Alifumba macho, akayafumbua. "Na wewe?"

"Wa kwanza." Nilinyoosha shingo.

"Kwa kiasi gani?"

Nikajifanya natafuta miwani.

"Katibu, nimekuuliza."

"Laki moja na nusu."

"Na mimi?"

"Unajua."

"Nataka kuisikia kwa mdomo wako."

"Milioni moja na laki nane."

Akacheka mpaka akaishika nyonga. "Rejareja! Kaka, wewe umeuzwa rejareja!"

"Thamani haiko hapo. Ukigawa kwa mwaka, mimi..."

"Haya, haya, mwalimu. Twende nyumbani."

Akajaribu kuinuka, akarudi chini. Akautazama ukuta, akautazama mlango, mimi hakunitazama. Nilimwacha ajaribu mara ya pili. Sitasema sikumwacha. Ya tatu nikaweka bega chini ya kwapa lake, akaja juu, mzito kuliko nilivyodhani, ananukia sabuni.

Nje ya ofisi kuna vidato vinne. Tukasimama juu yake.

"Tunashuka kwa miguu," akasema. "Mimi nitahesabu, wewe ubebe."

"Kwa nini mimi nibebe na wewe uhesabu?"

"Wewe unaviona?"

Niliviangalia. Kwa jicho moja viliungana vyote vikawa kitu kimoja cha kijivu.

"Hesabu," nikasema.

Akahesabu kwa sauti ile ya umeneja, moja, mbili, tatu, mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka kututazama.